Nyumba Isiyo na Usiku: Kulisoma Umbo la LM Hifadhi kutoka Kilimatinde

Katikati ya chumba cha juu cha LM, chombo kilichowashusha wanaanga wa Apollo mwezini, palikuwa na injini moja tu ya kuwarudisha juu. Haikuwa na ya akiba. Ingegoma, watu wawili wangebaki huko mpaka hewa iwaishie. Kuanzia 1965 wahandisi wa Marekani walichora LM nyingine ambayo injini hiyo imeng'olewa pamoja na matangi yake na zaidi ya tani 2 za mafuta, na nafasi iliyopatikana ikatengwa kwa chakula, maji, oksijeni na vifaa vya umeme. Waliiita LM Shelter; humu nitaiita LM Hifadhi. Ilikusudiwa itue yenyewe bila mtu ndani, isimame ikiwangoja wenyeji wake, kisha wakae humo siku 14. Haikujengwa. Imebaki michoro na ripoti.

Ninataka kuisoma michoro hiyo kwa namna mhakiki anavyosoma shairi: nini kimewekwa wapi, nini kimeachwa, kipi kimerithiwa bila kuulizwa, na umbo linasema nini ambacho maelezo yake hayakisemi. Ninaisoma nikiwa Kilimatinde, wilaya ya Manyoni, Tanzania, ukingoni mwa Bonde la Ufa, mahali ambapo watu walilijibu kwa udongo na fito swali la hifadhi penye mchana mkali, usiku wa baridi na miti haba. Hukumu yangu niiseme mapema. LM Hifadhi ni umbo lililojua kuondoa kuliko makazi mengine ya mwezini yaliyochorwa wakati ule, na udhaifu wake wote unatokana na jambo moja: halikuigusa ardhi.

Tuanze na safari, maana umbo hili halieleweki bila safari yake. LM ya kawaida ilibuniwa na kampuni ya Grumman, iliyopewa kazi hiyo mwishoni mwa 1962, kwa ajili ya kukaa mwezini muda mfupi sana. Apollo 11 ilikaa chini ya saa 22. Mradi wa Apollo Applications, ulioanzishwa 1965, uliuliza vyombo vile vile vingeweza kufanya nini zaidi bila kubuni vingine upya. Jibu likawa familia nzima ya LM. Kulikuwa na LM Lori, sehemu ya chini peke yake, ikibeba mizigo pale ambapo pangekuwa na watu. Kulikuwa na LM Teksi, LM kamili iliyoimarishwa ili iweze kuzimwa na kulala siku 14 kisha iwashwe tena. Na kulikuwa na LM Hifadhi. Roketi moja ya Saturn V ingeipeleka Hifadhi mpaka kwenye mzunguko wa mwezi ikiwa na wanaanga watatu, wangeiachia ishuke, na wao wangegeuza kurudi nyumbani. Baadaye roketi ya pili ingewaleta watu wengine, wawili kati yao wangetua na Teksi karibu na Hifadhi, wangeizima Teksi, na wangetembea kwenda kuishi.

Nimewafikiria sana wale watatu wa safari ya kwanza. Wanaisindikiza nyumba kwa kilomita karibu 400,000, wanaiona ikishuka, hawaingii. Katika mpango huu kazi ya kuleta makazi na kazi ya kuyakaa zimegawiwa watu tofauti kabisa, na mgawanyo huo unaonekana ndani ya umbo lenyewe. Hakuna mahali popote katika Hifadhi panapoonyesha mkono wa anayeishi humo. Yeye anaikuta.

Sasa tuingie ndani. Chumba cha mbele cha LM kilikuwa silinda ya alumini yenye kipenyo cha mita 2.3 hivi na kina cha mita 1 na kidogo. Nyuma yake kulikuwa na sehemu ya katikati, na sakafuni hapo ndipo kifuniko cha ile injini ya kupandia kilipojitokeza. Nafasi ya mtu kujigeuza, ukijumlisha yote, ilikuwa mita za ujazo 4.5. Viti viliondolewa mapema katika usanifu ili kupunguza uzito. Marubani waliendesha wakiwa wamesimama. Usiku ule wa Apollo 11, Julai 1969, kama tunaweza kuuita usiku, Aldrin alijikunja sakafuni na Armstrong akakaa juu ya kifuniko cha injini, akaegemea nyuma na kuitia miguu yake katika kitanzi alichokifunga. Kulikuwa na baridi, mwanga ulipenya, pampu zilinguruma. Hawakupata usingizi wa maana.

Hapo ndipo ninapoona ubora wa LM Hifadhi kama umbo. Mtu wa kwanza kufika mwezini alijaribu kulala juu ya chombo cha kuondokea. Chumba kizima kilipangwa kuzunguka injini ile: ndiyo iliyokuwa kitu cha katikati, kila kitu kingine kikipisha. Wabunifu wa Hifadhi hawakuongeza chumba, hawakupaka rangi, hawakuchora madirisha mapana. Waliitoa ile injini. Kwa tendo hilo moja kitovu cha chumba kikahama kutoka kwenye kuondoka kwenda kwenye kukaa, na chombo kikawa nyumba kwa maana kamili ya kwamba hakiwezi tena kumpeleka mtu popote. Mwandishi wa tenzi aliyekomaa huweza kufuta ubeti mmoja na shairi zima likabadilisha mwelekeo. Hapa wahandisi walifanya jambo la kiwango hicho, na sidhani kama walijua. Ripoti zao zinazungumzia uzito uliookolewa. Umbo linazungumzia imani: wakazi wamekubali kuishi katika kitu kisichoweza kuwaokoa, huku wokovu wao ukiwa umezimwa na kusimama mahali pengine, mwendo wa miguu kutoka mlangoni.

Lakini toka nje uitazame. Miguu minne yenye nyayo pana bado ipo. Ngazi ya vidato tisa bado ipo. Chini ya chumba kuna sehemu ya kushukia, kimo chake zaidi ya mita 3, nayo baada ya kutua haina kazi tena: injini yake imekwisha kuwaka, matangi yake ni matupu. Nyumba imekaa juu ya mashine iliyokufa. Mkazi wake kila siku angepanda na kushuka ngazi hiyo akiwa ndani ya suti nzito, na mawe mkononi, kwa siku 14. Kuta za chumba cha LM katika sehemu zake nyembamba zilikuwa na unene wa takriban milimita 0.3, na nje yake tabaka za karatasi za plastiki zenye kung'aa na ngao nyembamba ya kuzuia vijiwe virukavyo angani. Umbo hili linasema waziwazi: mimi ni mgeni hapa, nimesimama kwa vidole, sitaki kuchafuka.

Kilimatinde ina historia ndefu ya wageni waliotaka kuona mbali. Wajerumani waliweka ngome yao hapa juu kwa sababu ukingo huu unatawala mbuga za Bahi zilizo chini, na reli ya kati ilipojengwa ikapita Saranda, bondeni. Waingereza wakaja 1916. Mawe ya boma yalikusudiwa kuonekana. Nyumba za wenyeji zilikusudiwa kinyume chake. Tembe la Wagogo, na hata la Wanyaturu upande wa Singida, ni nyumba ya mstatili, fupi, isiyoonekana mpaka uifikie. Mtu mrefu anaweza kuweka kiganja chake juu ya paa akiwa amesimama nje.

Tuliangalie linavyosimama. Nguzo za miti migumu isiyoliwa upesi na mchwa huchimbiwa kwa safu, zenye panda juu. Juu ya panda hulazwa mihimili, juu ya mihimili fito zilizobanana, juu ya fito majani, na juu ya majani udongo, mara nyingi wa kichuguu, unaoshindiliwa mpaka ushikane. Kuta ni fito zilizokandikwa. Paa lina mteremko mdogo sana, wa kutosha tu maji ya mvua kuondoka bila kuusomba udongo. Mlango ni mfupi, anayeingia anainama. Ndani ni giza, na moshi wa jikoni unaopita kwenye fito unazikinga na wadudu. Tembe moja huanza kama upande mmoja, kisha familia ikikua unaongezwa upande wa pili na wa tatu mpaka ua wa katikati unazungukwa, na ng'ombe wanalala humo. Juu ya paa hukaushwa mtama, karanga na mboga. Paa hapa ni uwanja wa kazi.

Serikali kwa miaka mingi imewahimiza watu wa Singida na Dodoma waachane na tembe, wajenge kwa tofali na bati, na sababu zake zina uzito: tembe lina giza, moshi unaumiza kifua, mvua kubwa ikipiga siku nyingi paa hulemewa na kuanguka juu ya waliolala. Siandiki kulitetea lirudi. Ninalitumia kwa sababu ni umbo lililokamilika, ambalo kila sehemu yake inaweza kueleza kwa nini ipo, na kwa sababu lilifanya kazi ambayo bati halijaweza kuifanya. Udongo wa paa hupokea joto la mchana polepole, na kulitoa polepole usiku. Bati saa nane mchana linachoma, na saa kumi alfajiri ya Julai limekwisha kuwa barafu. Anayeishi chini ya udongo hapigwi na mchana wala usiku. Anaishi katika wastani wake.

Udongo wa mwezi unafanya jambo hilo hilo, kwa kiwango cha kushangaza. Karibu na ikweta ya mwezi joto la uso hufika nyuzi 120 mchana na hushuka chini ya nyuzi 130 za hasi usiku, na kila mchana na kila usiku ni wiki mbili za kwetu. Wanaanga wa Apollo 15 na Apollo 17 walichimba matundu na kutumbukiza vipimo vya joto. Vilionyesha kwamba ukishuka nusu mita tu mawimbi hayo makubwa ya joto na baridi karibu yanazimika kabisa. Mita moja chini, mwaka mzima ni nyuzi 20 hivi za hasi. Ni baridi, lakini ni baridi moja isiyobadilika, na baridi isiyobadilika hukabiliwa kwa kifaa kidogo cha joto. Udongo wa mwezi ni vumbi lisilo na hewa katikati yake, ndiyo maana haupitishi joto kwa urahisi. Mzee yeyote wa Kilimatinde aliyewahi kushindilia paa angeielewa hoja hiyo kabla mhandisi hajamaliza kuieleza.

Baadhi ya waliochora kabla ya LM Hifadhi waliielewa. Juni 1959 jeshi la nchi kavu la Marekani lilikamilisha ripoti ya mradi wa Horizon, uliosimamiwa na watu wa Wernher von Braun. Ulipendekeza kituo cha wanajeshi 12 mwezini kufikia mwisho wa 1966. Nia yake ni ya kivita, na gharama iliyokadiriwa, dola bilioni 6, ilitosha kuuzika. Lakini umbo lake linastahili heshima: silinda za chuma zenye kipenyo cha mita 3 na urefu wa mita 6, zinalazwa ndani ya handaki na kufukiwa kwa udongo wa hapo hapo. Hazina miguu. Hazina ngazi ya kupanda, isipokuwa ya kushukia. Tembe la Ugogo nalo lilikuwa na upande wake wa ulinzi, maana paa la udongo halishiki moto wa mvamizi kama linavyoshika la nyasi, na huenda si bahati tu kwamba watu wanaofikiria maadui huchimba upesi kuliko watu wanaofikiria miamba na sampuli. Lakini faida ya udongo haibagui nia ya aliyeuchimba.

Kuna adui mmoja ambaye Horizon haikumjua vizuri. Mwezi hauna hewa wala ugasumaku wa kuuzunguka, na mnururisho wa angani unaufikia bila kizuizi. Chombo cha China, Chang'e 4, kilichotua upande wa nyuma wa mwezi Januari 2019, kilipima wastani wa mikrosiveti 1,369 kwa siku. Zidisha kwa 14, unapata milisiveti 19 na kidogo, karibu na wastani anaoruhusiwa mfanyakazi wa kinu cha nyuklia kwa mwaka mzima. Kwa hiyo mtu wa LM Hifadhi angeweza kuvumilia siku zake 14 za kawaida. Siku isiyo ya kawaida ni jambo lingine. Mwanzoni mwa Agosti 1972 jua lilirusha dhoruba kubwa ya chembe, miezi mitatu na ushee baada ya Apollo 16 kurudi na miezi minne kabla Apollo 17 haijaondoka. Ukuta wa milimita 0.3 usingekuwa kinga. Wanaotafuta makazi ya muda mrefu leo huzungumzia udongo wa unene wa mita 2 au 3 juu ya kichwa.

Namba 14 yenyewe imenishughulisha. Ni urefu wa mchana mmoja wa mwezi. Hifadhi ingepelekwa mapema, ingengoja wiki nyingi ikiwa imezimwa nusu, ikipita usiku mrefu wa mwezi bila mtu. Kisha watu wangekuja na jua, wangefanya kazi muda wa mchana mmoja, wangeondoka. Usiku wangeziachia kuta peke yake. Huu ndio ufunguo wa umbo lote: miguu, ngazi, ngozi nyembamba, kutokuwepo kwa udongo. Ni nyumba isiyo na usiku. Tembe limefikiriwa kuanzia usiku, kuanzia saa ambapo watoto, ndama na mbuzi wote wanapaswa kuwa chini ya paa moja na mlango umefungwa. Mchana tembe linabaki karibu tupu, watu wako shambani au malishoni. Ukiyaweka maumbo haya mawili kando kwa kando, unaona kwamba LM Hifadhi, pamoja na uwezo wake mkubwa wa kuondoa, ilibaki kambi ya kazi. Haikuthubutu kuliuliza swali ambalo lingeigeuza kuwa makazi.

Hapa msomaji anaweza kudhani ninadai tembe lipelekwe mwezini. Haliwezi, na sababu yake ni fundisho zuri la umbo. Paa la tembe la unene wa sentimita 20 lina uzito wa kilo 300 na ushee kwa kila mita ya mraba likiwa kavu. Uzito huo unasukuma chini, nguzo zinausukuma juu, na nyumba nzima ni mazungumzo kati ya vitu hivyo viwili. Mwezini mazungumzo yanageuka. Hewa ndani ya LM ilikuwa theluthi moja tu ya hewa tunayovuta pwani, lakini hata hiyo inasukuma kila mita ya mraba ya ukuta na paa kuelekea nje kwa nguvu sawa na uzito wa tani 3 na nusu. Weka juu yake mita 3 nzima za udongo wa mwezi: ungekuwa tani 5 duniani, lakini mwezini, ambako uzito ni sehemu moja ya sita, unabaki chini ya tani 1. Paa bado linataka kuruka. Ungehitaji zaidi ya mita 12 za udongo ili kulituliza kwa uzito peke yake. Nguzo hazina kazi huko. Kinachotakiwa ni kitu cha kuvuta, cha kufunga, cha kukumbatia kutoka pande zote, na umbo linalokumbatia vizuri ni mviringo. Ndiyo maana silinda inarudi tena na tena katika michoro hii, katika LM, katika Horizon, katika kituo kilichochorwa na ofisi ya Barmin huko Urusi ya Kisovieti miaka ya 1960. Paa bapa la tembe ni jibu sahihi kwa dunia, na mwezini lingepasuka kabla ya mtu kuvua kofia.

Kwa hiyo tatizo la umbo la mwezini linahitaji ngozi mbili: ya ndani ya kushika hewa, ya nje ya kushika udongo, na kila moja iachiwe kazi yake. Kampuni ya Goodyear, katikati ya miaka ya 1960, ilitengeneza mfano wa kibanda cha kupuliziwa hewa kwa ajili ya mwezi, ngozi ya ndani safi kabisa, ikakosa ya nje. Muungano wa ngozi hizo mbili ulichorwa vizuri baadaye sana. Mwaka 2013 wasanifu wa Foster + Partners, wakishirikiana na Shirika la Anga la Ulaya, walionyesha makazi ya watu wanne karibu na ncha ya kusini ya mwezi: kuba la kupuliziwa, na juu yake roboti inajenga ganda la udongo, tabaka juu ya tabaka, lenye vinyweleo ndani yake ili liwe jepesi na imara. Ili kuthibitisha, walichapa kwa mashine bonge la tani 1 na nusu kutoka kwenye udongo wa kuiga ule wa mwezi, ukichanganywa na oksidi ya magnesiamu na kushikanishwa kwa chumvi.

Mchoro huo unapendeza, na ninaupenda, ingawa picha zake zinazojulikana zinaonyesha ganda likiwa limekamilika na laini mno, halina ufa wala kiraka. Kushikanisha udongo uliopo mahali kwa chumvi na madini si wazo la maabara peke yake. Wanajiolojia wa Tanzania ya kati wanalo tabaka wanaloliita Simenti ya Kilimatinde: mchanga na changarawe vilivyogandishwa na silika na chokaa kwa muda mrefu mno, hadi vikawa jiwe. Hapa maji ndiyo yaliyofanya kazi hiyo, yakipanda na kukauka, yakiacha madini yake. Mwezini hakuna maji ya kufanya hivyo, na ndiyo sababu magnesiamu na chumvi lazima zibebwe kutoka duniani. Gharama ya umbo lile la 2013 imejificha hapo: udongo ni wa bure, gundi yake ni ya kusafirisha.

Jambo moja zaidi kuhusu mpangilio. Tembe hukua. Kona yake imeachwa ikingoja upande mwingine, na anayejenga wa kwanza anajua kwamba mwanawe atabomoa ukuta mfupi na kuendelea. LM Hifadhi haina kona. Kila upande wa nje umekwisha: miguu, antena, matangi. Huwezi kuunganisha Hifadhi ya pili na ya kwanza. Zingesimama mbali mbali, kila moja na ngazi yake. Mazungumzo yake yote ni ya kwenda juu, na duniani. Eneo letu liliwahi kushiriki mazungumzo ya aina hiyo: Tunguu, Zanzibar, palikuwa na kituo kilichofuatilia vyombo vya mradi wa Mercury, kikamsikia mwanaanga John Glenn akipita Februari 1962, kisha kikaondolewa 1964 baada ya Mapinduzi. Mwanaanga mmoja juu, msikilizaji mmoja chini. Wazo la jirani halikuwa sehemu ya lugha ya vyombo hivyo, na Hifadhi iliirithi lugha hiyo nzima.

Bunge la Marekani lilianza kuibana bajeti ya Apollo Applications mwaka 1967, na kutoka katika mradi huo mkubwa kilichojengwa hatimaye ni Skylab, kituo cha kuzunguka dunia, mwaka 1973. Mwezini walirefusha tu LM ya kawaida, na Apollo 17 ikakaa saa 75 mwezi Desemba 1972. Cernan na Schmitt walirudi chumbani kila mara wakiwa weusi kwa vumbi. Schmitt alipiga chafya na pua yake ikaziba. LM iliyoruka haikuwa na kizingiti wala chumba cha nje: mlango ukifunguliwa, hewa yote ya nyumba inatolewa na vumbi lote linaingia. Ile ardhi ambayo umbo liliikwepa kwa miguu minne iliingia yenyewe, bila kualikwa, mpaka kwenye mapafu.

Swali langu la mwisho kwa michoro hii mitatu ni la ukarabati. Paa la tembe hupandwa kila mwaka kabla ya mvua za Desemba. Nyufa zinazibwa, udongo unaongezwa, na anayefanya hivyo ndiye atakayelala chini yake. Katika mchoro wa 2013 kazi hiyo ni ya roboti, na wale wanne hawaonyeshwi wakishika kitu. Katika LM Hifadhi haipo kabisa, siku 14 hazitoshi kitu kuharibika. Horizon, mradi wa wanajeshi, ndio uliowapa wajenzi nafasi ndani ya umbo: watu 2 wa kutangulia, kisha 9 wa kujenga, wenye gari la kuchimbia, wanaoishi vibaya katika matangi ya muda huku wakifukia yale ya kudumu. Kazi hiyo ingekuwa ngumu kuliko ripoti ilivyodhani. David Scott wa Apollo 15 alipojaribu kutoboa matundu ya vipimo vya joto, udongo chini ya tabaka la juu ulikuwa umeshikana kupita matarajio. Keekee ilikwama, na hakufika mita 3 zilizokusudiwa. Mbunifu anayechora makazi ya mwezini leo anapaswa kuanzia hapo, kwa mtu mmoja aliyevaa suti na udongo usiotaka kuchimbika, kabla hajachora kuba.